Uso Unaangalia Wapi? Hesabu ya Fluksi ya Umeme Katika Uso Bapa Ulioinama na Hazina ya Kiswahili cha Pwani ya Kilwa na Lindi

1.0 Utangulizi

Katika mjadala wa muda mrefu kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba taaluma za sayansi, hoja nyingi zimeelekezwa kwenye istilahi. Huulizwa kama lugha ina neno la dhana fulani. Likikosekana, hukopwa au huundwa. Na likishapatikana, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Mhadhara huu unashika njia tofauti kidogo. Unachukua hesabu moja tu ya fizikia, yaani kukokotoa fluksi ya umeme inayopita katika uso bapa ulioinama, na kuifuata hatua kwa hatua katika Kiswahili ili kuona ni wapi lugha inamwongoza mwanafunzi na ni wapi inampoteza.

Hesabu hiyo ni fupi. Inahitaji tarakimu mbili na pembe moja. Hata hivyo, ni miongoni mwa hesabu ambazo wanafunzi wengi huzikosea, na kosa lenyewe huwa ni lile lile: pembe iliyotumika siyo inayotakiwa. Hoja ya msingi ya mhadhara huu ni kwamba kosa hilo halitokani na uhaba wa istilahi. Linatokana na swali lililoulizwa vibaya. Mwanafunzi huuliza uso umeinama kiasi gani, ilhali fizikia inauliza uso unaangalia wapi. Kiswahili, hususan Kiswahili cha watu wa bahari, kina njia ya wazi ya kuuliza swali hilo la pili.

Pwani ya Kilwa na Lindi imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni pwani ya mabaharia na waashi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo magofu yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ilijengwa na watu walioishi kwa kusoma upepo na kusimamisha kuta za mawe ya matumbawe. Msamiati wa kazi hizo mbili ni msamiati wa mielekeo na pembe. Pili, katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004. Gesi hiyo husafirishwa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, ambako huendesha mitambo ya kufua umeme. Kama itakavyoonekana, ndani ya mitambo hiyo hesabu ya uso ulioinama hufanyika mara 50 kwa kila sekunde.

2.0 Dhana ya fluksi na jina lake

Penye chaji ya umeme pana uga wa umeme. Uga ni hali ya mahali: chaji nyingine ikiwekwa hapo, itasukumwa au kuvutwa kwa nguvu yenye kiasi na mwelekeo maalumu. Kiasi cha uga hupimwa kwa niutoni kwa kila kulombi moja. Katika karne ya 19, Michael Faraday aliufikiria uga kama mistari inayotoka katika chaji moja na kuishia katika nyingine. Pale mistari inaposongamana uga ni mkali, na pale inapotawanyika uga ni dhaifu.

Fluksi ya umeme ni kipimo cha kiasi cha uga kinachoupenya uso fulani. Kwa lugha ya Faraday, ni kama kuhesabu mistari inayotoboa uso huo. Asili ya neno lenyewe ni Kilatini, na maana yake ya awali ni mtiririko. Hapo ndipo swali la istilahi linapoanza. Kiswahili kina maneno mawili ya karibu: mkondo na mtiririko. Neno mkondo limekwisha kushika kazi nyingine katika fizikia, kwani mkondo wa umeme ni mwendo wa chaji katika waya. Kulitumia tena kwa fluksi kungekuwa kuchanganya dhana mbili zilizo mbali. Neno mtiririko nalo lina kasoro ya kimaana: katika uga wa chaji zilizotulia, hakuna kitu chochote kinachotiririka. Uga upo tu, kama mteremko wa kilima ulivyopo hata wakati ambapo hakuna maji yanayoteremka. Kwa sababu hiyo, neno la kukopa fluksi lina faida ya kutodokeza mwendo usiokuwapo. Mtiririko ubaki kuwa mfano wa kufundishia.

Kama mfano, mtiririko unafaa sana. Uchukuliwe wavu uliowambwa kwenye fremu ya mbao yenye umbo la mraba, kisha ukazamishwa katika mkondo wa maji yanayotoka au kuingia katika ghuba wakati wa kujaa na kupwa. Fremu ikisimamishwa ikaukabili mkondo, maji mengi hupita katika matundu. Fremu ikigeuzwa ikaupa mkondo ubavu, maji hupita kandokando yake na hakuna yanayopenya. Kati ya hali hizo mbili zimo hali zote za katikati, na kila moja ina kiasi chake. Wavu ni ule ule, mkondo ni ule ule. Kilichobadilika ni uelekeo. Mambo matatu, basi, ndiyo yanayoamua fluksi: ukali wa uga, ukubwa wa eneo, na uelekeo wa uso kuhusiana na uga.

3.0 Uso na uelekeo wake

Neno uso katika Kiswahili lina maana mbili zinazojulikana kwa kila mzungumzaji. Ni sehemu ya mbele ya kichwa cha mtu, na ni upande wa nje au wa juu wa kitu, kama katika uso wa bahari au uso wa dunia. Mwanafunzi wa hisabati hukutana na maana ya pili na kuisahau ya kwanza. Hiyo ni hasara, kwa sababu maana ya kwanza ndiyo yenye ufunguo. Uso wa mtu huangalia mahali. Hauelezwi kwa kusema umelala vipi, bali kwa kusema umeelekea wapi.

Katika fizikia, uelekeo wa uso bapa huwakilishwa na mstari unaosimama juu ya uso huo kwa pembe mraba. Mfano rahisi ni msumari uliopigiliwa katikati ya ubao ukasimama barabara. Ubao ukiwekwa mezani, msumari huelekea juu. Ubao ukiinuliwa upande mmoja, msumari nao huinama. Ubao ukisimamishwa kwa ubavu wake, msumari hulala sambamba na meza. Katika hali zote hizo, msumari na ubao hukutana kwa nyuzi 90. Mhadhara huu unauita mstari huo mstari wa uelekeo.

Ipo sababu ya kutouita mstari huo mstari wima, ingawa jina hilo huja haraka katika ulimi. Katika matumizi ya kawaida, wima ni kusimama kutoka chini kwenda juu. Mwashi hupima wima kwa timazi, na timazi huelekea katikati ya dunia bila kujali ukuta umekaaje. Mstari wa uelekeo si timazi. Hufuatana na uso popote uendapo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba pembe hupimwa kutoka mstari wima, akaelewa wima kwa maana ya timazi, atapata jibu sahihi pale tu uga wenyewe unapokuwa wa kutoka juu kwenda chini au chini kwenda juu. Katika hali nyingine zote atakosea, na hatajua kwa nini.

Tatizo kama hilo limo katika maneno mshazari, hanamu na kuinama. Ni maneno mazuri na ya zamani, lakini yote yanaeleza kwamba kitu kimeacha mstari fulani bila kutaja ni mstari upi. Bao lililoinama kwa nyuzi 30 limeinama kutoka wapi? Kutoka ardhini? Kutoka ukutani? Kutoka kwenye uga? Mzungumzaji wa kawaida hahitaji kutaja, kwa kuwa mazingira humtajia. Hesabu haina mazingira hayo. Ina maneno ya swali tu.

4.0 Hesabu yenyewe

Kwa uga ulio sawa kila mahali na uso ulio bapa, kanuni ni hii:

Φ = E × A × kos θ

Hapa Φ ni fluksi, E ni ukali wa uga, A ni eneo la uso, na θ ni pembe kati ya uga na mstari wa uelekeo wa uso. Kos ni kifupi cha kosini.

Mfano wa kwanza. Uga wa umeme wa niutoni 500 kwa kulombi umelala sambamba na meza. Kipande cha karatasi chenye urefu wa mita 0.3 na upana wa mita 0.2 kimewekwa ndani ya uga huo hivi kwamba karatasi yenyewe inafanya pembe ya nyuzi 30 na uga. Eneo la karatasi ni mita za mraba 0.06. Mwanafunzi mwenye haraka huichukua nyuzi 30 kama ilivyo:

500 × 0.06 × kos 30 = 30 × 0.866 = 25.98

Jibu hilo si sahihi. Pembe iliyotolewa ni ya karatasi na uga. Mstari wa uelekeo umesimama juu ya karatasi kwa nyuzi 90, kwa hiyo kati yake na uga zipo nyuzi 90 kutoa 30, yaani nyuzi 60. Hesabu sahihi ni:

500 × 0.06 × kos 60 = 30 × 0.5 = 15

Jibu ni niutoni-mita za mraba 15 kwa kulombi. Kosa la pembe limeikuza fluksi kwa zaidi ya asilimia 70, ingawa kuzidisha kulifanyika bila dosari.

Baada ya mfano huo, walimu wengi hutoa kanuni ya haraka: pembe iondolewe katika 90. Mfano wa pili unaonyesha kwamba kanuni hiyo nayo ni mtego. Katika siku yenye anga safi, angahewa karibu na ardhi huwa na uga wa umeme wa kiasi cha niutoni 100 kwa kulombi, unaoelekea chini. Ufikiriwe uso bapa angani juu ya uwanja wa wazi, wenye eneo la mita za mraba 20, ulioinama kama paa kwa nyuzi 25 kutoka usawa wa ardhi. Inapaswa kuwa uso wa kufikirika, kwa kuwa bati halisi, likiwa chuma, lingeupinda uga unaolizunguka. Uga ni wa timazi. Uso ulipokuwa umelala sawa na ardhi, mstari wake wa uelekeo nao ulikuwa wa timazi. Uso ulipoinuliwa kwa nyuzi 25, mstari huo uliinama kwa nyuzi 25 vilevile. Kwa hiyo θ ni 25, si 65:

100 × 20 × kos 25 = 2000 × 0.906 = 1813 kwa makadirio

Katika mfano wa kwanza nyuzi zilizotolewa zilihitaji kubadilishwa. Katika wa pili zilitumika kama zilivyo. Hakuna kanuni ya kukariri inayotosha kwa yote mawili. Kinachotosha ni swali: uso huu unaangalia wapi, na uga unakwenda wapi? Pembe kati ya majibu hayo mawili ndiyo θ.

5.0 Kivuli na maana ya kosini

Kanuni iliyotolewa hapo juu inaweza kukaririwa bila kueleweka kwa nini kosini imeingia. Maelezo yake yamo katika jambo ambalo watu wa pwani wamelitumia kwa karne nyingi kupima muda, yaani kivuli. Wakati wa sala ya alasiri hutambuliwa kwa urefu wa kivuli, na mtu aliyezoea kipimo hicho anajua kwamba kivuli hubadilika kwa kadiri ya pembe baina ya kitu na mwanga.

Ubao wa mraba wenye eneo la mita moja ukilazwa sawa na ardhi wakati jua liko utosini, kivuli chake huwa na eneo la mita moja ya mraba. Ukiinuliwa upande mmoja, kivuli hupungua. Ukiinuliwa hadi nyuzi 60, kivuli hubaki nusu. Ukisimamishwa wima, kivuli huwa mstari mwembamba. Uwiano kati ya kivuli na ubao ndio kosini ya pembe baina ya miale na mstari wa uelekeo. Miale iliyozuiwa na ubao ni ile tu ambayo ingeangukia mahali pa kivuli.

Fluksi ni hivyo hivyo. Mistari ya uga inayoupenya uso ulioinama ni ile ile ambayo ingepenya kivuli cha uso huo juu ya bapa linaloukabili uga. Katika mfano wa pili, uso wa mita za mraba 20 ulioinama kwa nyuzi 25 una kivuli cha mita za mraba 18.13. Uga wa 100 ukizidishwa kwa eneo hilo hutoa 1813 moja kwa moja. Mwanafunzi anayeweza kuchora kivuli hahitaji kujiuliza kama atumie kosini au sini. Mchoro wenyewe utamwambia.

6.0 Alama ya kujumlisha na ya kutoa

Kila uso bapa una pande mbili, na kila upande unaangalia kwake. Kwa hiyo mstari wa uelekeo unaweza kuchorwa kwa njia mbili zinazopingana. Fluksi huwa chanya pale uso unapoangalia kule uga unakokwenda, na huwa hasi pale uso unapoangalia kule uga unakotoka. Hapa lugha ya mabaharia inasaidia, lakini pia inahitaji tahadhari.

Chombo kina omo mbele na tezi nyuma. Nahodha husema upepo ni wa omo unapomjia usoni, na ni wa tezi unapomsukuma kutoka nyuma. Omo ikichukuliwa kuwa uelekeo wa uso, upepo wa tezi una pembe ya sifuri na kosini yake ni 1. Upepo wa ubavuni una nyuzi 90 na kosini yake ni sifuri. Upepo wa omo una nyuzi 180 na kosini yake ni hasi 1. Alama za kujumlisha na kutoa, ambazo vitabuni huonekana kama kanuni isiyo na sababu, kwa baharia ni tofauti kati ya safari njema na safari ngumu. Mfano huu uishie hapo. Upepo haulipenyi tanga kama uga unavyoupenya uso, na chombo kinaweza kwenda joshi hata pale ambapo hesabu ya fluksi ingetoa sifuri.

Tahadhari ni hii. Kiswahili huziita pepo kwa mahali zinakotoka: kusi huvuma kutoka kusini kwenda kaskazini, na kaskazi hutoka kaskazini. Uga wa umeme huelezwa kwa kule unakokwenda. Aidha, kitenzi kukabili hueleza kutazamana: anayekabili upepo anaangalia unakotoka. Kwa hiyo uso unaoukabili uga una fluksi kubwa kabisa kwa kiasi, lakini alama yake ni hasi. Mwalimu anayetumia kitenzi hicho bila kueleza jambo hili humsaidia mwanafunzi katika ukubwa na kumpotosha katika alama.

Alama hizi zina uzito pale nyuso kadhaa zinapofunga nafasi. Kwa makubaliano, uso uliofungwa huangalia nje daima. Ichukuliwe kabari ya kufikirika ambayo upande wake wa juu ni ule uso wa mita za mraba 20, kitako chake kimelala sawa na ardhi, na mbavu zake zote zimesimama wima. Uga unashuka. Upande wa juu unaangalia nje, yaani juu, na uga unauingia: fluksi ni hasi 1813. Kitako kinaangalia chini, na uga unatoka kupitia kwake: fluksi ni chanya 1813, kwa sababu eneo la kitako ni kile kivuli cha mita za mraba 18.13. Mbavu zimeupa uga ubavu: fluksi ni sifuri. Jumla ni sifuri, na maana yake ni kwamba ndani ya kabari hamna chaji ya ziada. Hiyo ndiyo sheria inayobeba jina la Carl Friedrich Gauss: jumla ya fluksi inayotoka katika uso uliofungwa hutegemea chaji iliyomo ndani tu.

Sheria hiyo inahusu nyuso zilizopinda pia. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una makuba, na kuba si bapa. Hata hivyo, kuba linaweza kugawanywa katika vipande vidogo sana, kila kimoja kikiwa bapa kwa makadirio na kikiangalia kwake. Fluksi ya kuba zima ni jumla ya fluksi za vipande hivyo. Uso bapa ulioinama, basi, ni tofali ambalo hesabu kubwa zaidi hujengwa kwalo.

7.0 Pembe inayogharimu: jua na jenereta

Inaweza kudhaniwa kuwa suala hili ni la mtihani tu. Mifano miwili kutoka maisha ya pwani inaonyesha kinyume.

Mfano wa kwanza ni paneli ya kuzalishia umeme wa jua. Mwanga unaoiangukia paneli hufuata kanuni ile ile ya kosini. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Jua huwa utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Ifikapo takribani tarehe 21 Juni, jua la mchana huwa limeegemea kaskazini kwa nyuzi 32.4 kutoka utosini. Siku hiyo, paneli iliyolazwa sawa hupata asilimia 84 ya miale ya moja kwa moja ambayo paneli inayolikabili jua ingeipata.

Sasa mafundi wawili wameambiwa paneli iinamishwe kwa nyuzi 30. Wa kwanza ameifunga ikiangalia kaskazini. Pembe kati ya miale na mstari wa uelekeo ni nyuzi 2.4, na paneli hupata karibu asilimia 100. Wa pili, aliyefuata maelekezo ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia, ameifunga ikiangalia kusini. Pembe ni nyuzi 62.4, na paneli hupata asilimia 46 tu. Paneli zote mbili zimeinama kwa nyuzi 30 zile zile. Moja inapata zaidi ya mara mbili ya nyingine. Neno kuinama limetimizwa na mafundi wote wawili. Swali la uso unaangalia wapi limejibiwa sawasawa na mmoja tu.

Ikumbukwe pia kwamba mwezi Desemba jua la mchana huegemea kusini kwa nyuzi 14.4. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 9 tu kuelekea kaskazini huwa na pembe ya nyuzi 23.4 mchana wa Juni na pembe hiyo hiyo mchana wa Desemba, na kila mara hupata takribani asilimia 92. Ndiyo maana mwinamo unaokaribiana na latitudo ya mahali huwa chaguo la busara kwa paneli isiyogeuzwa.

Mfano wa pili ni jenereta. Gesi ya Songo Songo inapowaka katika mtambo, huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha uga wa sumaku mbele ya koili za waya. Kila koili ni uso, na fluksi ya sumaku inayoupita ni zao la ukali wa uga, eneo na kosini ya pembe. Pembe inabadilika bila kukoma, kwa hiyo fluksi hupanda, hushuka, hupita sifuri na kugeuka hasi. Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba kinachozalisha umeme katika koili ni mabadiliko ya fluksi, wala si fluksi yenyewe. Mabadiliko hayo huwa ya kasi zaidi pale uso wa koili unapoupa uga ubavu, wakati ambapo fluksi ni sifuri. Nchini Tanzania mzunguko huo hukamilika mara 50 kwa sekunde. Umeme unaowashwa nyumbani hupanda na kushuka kwa sababu uso mmoja bapa hauachi kubadili uelekeo wake kwa uga.

8.0 Hitimisho

Juhudi za kukiandaa Kiswahili kwa ajili ya sayansi zina historia inayoheshimika. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Bila kazi hiyo, maneno kama uga na chaji yasingekuwa na maana thabiti. Hata hivyo, mwanafunzi wa shule ya serikali huko Kilwa Masoko au Lindi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na fluksi akiwa amekwisha kuhamishiwa katika Kiingereza. Huko hufundishwa mstari wa uelekeo kwa jina ambalo katika Kiingereza cha kila siku lina maana ya kitu cha kawaida. Jina hilo halimdokezei lolote, na analotoka nalo nyumbani halikuulizwa.

Uchunguzi wa hesabu hii moja unaonyesha mambo matatu. La kwanza, istilahi peke yake haitoshi. Mwanafunzi anaweza kulijua neno fluksi na bado akachukua pembe isiyo yake. La pili, lugha ya kawaida haimhakikishii mtu usahihi: wima, kuinama na kukabili yote yana mitego, na mwalimu anapaswa kuitaja waziwazi. La tatu, lugha hiyo hiyo ina mali ambayo haijatumiwa vya kutosha. Neno uso tayari limebeba dhana ya kuangalia mahali, kivuli tayari kimebeba kosini, na omo na tezi tayari zimebeba alama za kujumlisha na kutoa.

Kwa watafiti wa Kiswahili, kazi iliyo mbele ni kupitia hesabu nyingine kwa namna hii, moja baada ya moja, wakikusanya msamiati wa waashi, mabaharia na wavuvi kabla haujapotea pamoja na vyombo vyake. Kwa mwalimu wa fizikia, kazi ni ndogo na inaweza kuanza kesho asubuhi: kabla mwanafunzi hajaandika tarakimu yoyote, apigilie msumari katika ubao, aubao uinamishwe, na aulizwe uso unaangalia wapi.